Nani Huchagua Majina ya Bustani za Nairobi?

Mgeni afikaye Nairobi kutoka shambani, akishuka garini na kuanza kutembea mjini, husoma majina mengi kabla hajapata mtu wa kumwamkia. Huyasoma kwenye vibao vya njia, kwenye malango ya bustani, na juu ya milango ya hospitali na viwanja vya michezo. Mengine ayajua, maana ni majina ya watu aliosoma habari zao shuleni. Mengine hayajui kabisa, naye hupita mbele yake kama apitaye mbele ya mlango uliofungwa. Ni wachache wanaosimama na kujiuliza: Jina hili lilichaguliwa na nani? Lilichaguliwa kwa sababu gani? Na lina faida gani kwetu sisi ambao kodi zetu hupatunza mahali hapa?

Maswali haya hayawahusu watu wa mji mkuu peke yao. Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, kila kaunti ina bustani zake, masoko yake, zahanati zake na viwanja vyake. Mkulima wa Nyeri au karani wa Kakamega aweza kuitwa barazani siku yoyote atoe maoni yake juu ya jina la soko jipya. Basi yafaa tutazame mambo yaliyotokea Nairobi kwa zaidi ya miaka mia, ili tupate fundisho. Nami naona fundisho lenyewe ni hili: jina la mahali pa watu wote ni kama boma la ng'ombe. Likijengwa vema, watu huijua mali yao nao huilinda. Likijengwa ovyo, siku ya hatari haliwezi kumzuia hata fisi mmoja.

MAJINA YA ARDHI

Jina la mji wenyewe halikutungwa na kamati yoyote. Wamasai waliokuja kunywesha ng'ombe wao mahali pale walipaita Enkare Nairobi, maana yake maji baridi. Reli ilipofika mwaka 1899 ikitoka Mombasa, watu wa reli walilikuta jina hilo nao wakalichukua, wakaacha neno la maji wakashika la baridi. Mji ukakua, ukapewa hati ya kuwa jiji mwaka 1950, lakini hapakuwa na mtu aliyeona haja ya kuligeuza jina lile la wachungaji.

Majina ya namna hii yako mengi. Ngong na Karura ni majina ya ardhi, yaliyokuwako kabla ya ramani. Hayamsifu mtu, wala hayamkasirishi mtu. Ndiyo sababu watawala huja na kuondoka, na vibao vya njia hung'olewa na kupachikwa, lakini majina ya milima, mito na misitu hubaki palepale.

Tena watu huyapenda mno. Mwaka 1987, wakati wa Michezo ya Afrika Nzima, Kenya ilikuwa imejenga kiwanja kikubwa cha michezo kaskazini mwa jiji. Jina lake la serikali lilikuwa Moi International Sports Centre. Lakini mwulize kijana yeyote anayekwenda kutazama mpira, atakuambia aenda Kasarani, kwa jina la mtaa ule. Hakuna amri iliyopitishwa juu ya jambo hilo. Wananchi walichagua kwa midomo yao.

MAJINA YA WATAWALA

Hapo mwanzo njia nyingine za Nairobi zilikuwa na hesabu tu badala ya majina. Njia kubwa tunayoijua sana iliitwa Sixth Avenue, yaani njia ya sita. Baadaye ikaitwa Delamere Avenue, kwa jina la Lord Delamere, kiongozi wa walowezi wa Kizungu. Sanamu yake iliwekwa hapo. Uhuru ulipokuja sanamu iliondolewa, na njia ikawa Kenyatta Avenue.

Mtu apendaye historia aweza kusoma utawala wa Waingereza wa siku za kwanza kwa kutembea katikati ya mji akiwa na ramani ya zamani mkononi. Sir Arthur Hardinge alikuwa Kamishna wa kwanza wa nchi hii tangu 1895. Palikuwa na Hardinge Street. Akafuata Sir Charles Eliot. Palikuwa na Eliot Street. Akafuata Sir Donald Stewart, aliyefariki mwaka 1905 akiwa kazini. Palikuwa na Stewart Street. Akafuata Sir James Hayes Sadler. Palikuwa na Sadler Street. Wanne walifuatana kazini, na wote wanne wakapata njia. Mwafrika aliyezipita njia hizo kila siku akienda kazini hakuulizwa neno, wala hakutazamiwa kuwa na neno.

Basi baada ya mwaka 1963 mambo yaligeuka, na kugeuka kwenyewe kulikuwa na mpango wake. Hardinge Street ikawa Kimathi Street, kwa jina la Dedan Kimathi aliyenyongwa Februari 1957. Eliot Street ikawa Wabera Street, kwa jina la Bwana Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliyeuawa mwaka 1963 akiwa katika utumishi wa Serikali. Sadler Street ikawa Koinange Street, kwa jina la mzee Koinange wa Mbiyu. Na Stewart Street ikawa Muindi Mbingu Street.

Jina hili la mwisho wakulima na wafugaji hawana budi kulikumbuka. Mwaka 1938 Serikali ya kikoloni ilitaka kupunguza ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu, ikawachukua na kuwauza kwa bei ndogo. Muindi Mbingu aliwaongoza watu wake, wanaume kwa wanawake, wakaja Nairobi kumwona Gavana. Walikaa wakingoja majuma mengi. Mwishowe amri ile ilirudishwa nyuma, lakini yeye alikamatwa akahamishiwa Lamu. Leo mtu anayenunua mboga na maua katika Soko la Jiji amesimama kando ya njia yenye jina la mtetezi wa ng'ombe. Ni wangapi wanaojua? Wahenga walisema, asiyejua maana haambiwi maana. Lakini katika jambo la majina ya watu wote, mimi naona kinyume chake: asiyejua maana ndiye hasa apaswaye kuambiwa.

Mahali pa huduma pia paligeuzwa majina. Hospitali iliyoanzishwa mwaka 1901 kwa ajili ya Waafrika, iliyopewa jina la Mfalme George wa Sita mwaka 1952, ikawa Hospitali ya Kenyatta. Kiwanja cha maonyesho ya kilimo kilichoitwa Mitchell Park, kwa jina la Gavana Sir Philip Mitchell, kikawa Jamhuri Park. Na uwanja wa ndege wa Embakasi, uliofunguliwa mwaka 1958, ulipewa jina la Rais Kenyatta mwaka 1978.

Tazama tofauti iliyopo kati ya majina hayo. Mengine yaliondoa jina la mtawala mmoja na kuweka la mtawala mwingine. Mengine, kama Jamhuri, yaliondoa jina la mtu na kuweka jina la jambo linalowahusu watu wote. Government Road, baada ya mwaka 1978, ikawa Moi Avenue. Neno Nyayo, ambalo Rais Moi alilitumia kuonyesha kwamba atamfuata aliyemtangulia, likaandikwa juu ya uwanja wa michezo, juu ya mnara uliojengwa mwaka 1988 katika Central Park, na juu ya jumba kubwa la ofisi za Serikali. Jumba lile lilikuwa na vyumba vya chini ambamo watu waliteswa kwa ajili ya siasa, na mwaka 2003 vyumba hivyo vilifunguliwa wananchi wakavitazama. Tangu hapo wako wengi ambao wakisikia jina la Nyayo House hawafikirii tena sifa iliyokusudiwa. Anayeweka jina juu ya ukuta hana uwezo juu ya mambo yatakayotendeka nyuma ya ukuta ule, na ni mambo hayo yanayokaa katika kumbukumbu za watu.

MAJINA YALIYOTOKA VINYWANI

Namna ya tatu ni majina yaliyotoka vinywani mwa watu wa kawaida. La kwanza kwa heshima ni Kariokor. Katika Vita Kuu vya 1914 mpaka 1918, Waafrika wengi mno walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi. Walibeba chakula na risasi mpaka nchi iliyokuwa ya Wajerumani, na makumi ya maelfu hawakurudi; wengi walikufa kwa magonjwa na njaa kuliko waliokufa kwa bunduki. Kikosi chao Waingereza walikiita Carrier Corps. Watu wetu hawakuweza kulitamka hivyo, au hawakuona sababu ya kujitaabisha; wakasema Kariokor. Mahali pa kambi yao pakashika jina hilo, na leo ni mtaa na soko. Ndugu zetu wa Dar es Salaam nao wana Kariakoo yao, iliyotoka katika neno lilelile na katika vita vilevile.

Hakuna mkubwa aliyekata utepe siku jina hilo lilipozaliwa. Lakini limewatunzia wapagazi wale ukumbusho ambao hauwezi kung'olewa, maana umo midomoni mwa makondakta wa matatu na wanawake wauzao vikapu.

Pumwani nayo, mtaa wa Waafrika ulioanza karibu na mwaka 1922, ina jina la Kiswahili lenye maana ya mahali pa kupumua. Hospitali yake ya wazazi ilianzishwa mwaka 1926 kwa jina la Lady Grigg, mke wa Gavana. Jina la bibi yule limesahauliwa na wengi, lakini jina la mtaa limebaki, na vizazi vya watoto wa Nairobi husema kwa fahari kwamba walizaliwa Pumwani. Starehe, Ziwani, Shauri Moyo na majina mengine ya Kiswahili yalikubalika kwa urahisi, nami naona sababu moja ni kwamba Kiswahili si mali ya kabila moja. Jina la Kiswahili halimwambii mtu wa upande mmoja, "Mahali hapa ni pako," na kumwambia mwenziwe, "Wewe ni mgeni."

Hata hivyo, majina ya watu nayo yaweza kukita mizizi, wakati mwingine kwa njia ya ajabu. Bwana Tom Mbotela alikuwa makamu wa rais wa chama cha K.A.U., akaipinga Mau Mau waziwazi. Aliuawa Novemba 1952, majuma machache baada ya Hali ya Hatari kutangazwa. Bwana Ambrose Ofafa, diwani wa jiji, aliuawa mwaka 1953. Mitaa ya Mbotela na Ofafa ikapewa majina yao na Baraza la Jiji la wakati ule. Uhuru ulipokuja, na njia za katikati ya mji zikapewa majina ya wapiganaji wa msituni, mtu angedhani kwamba majina ya Mbotela na Ofafa yangefutwa. Hayakufutwa. Watu walikuwa wamezaa na kulea watoto katika nyumba zile, na majina yalikuwa yao. Kwa hiyo Nairobi inayo njia ya Kimathi na mtaa wa Mbotela katika jiji moja, na jiji halikupasuka.

BUSTANI MBILI ZILIZOOKOKA

Sasa tufike kwenye kiini cha habari yenyewe. Nimesema kwamba jina ni kama boma. Ushahidi wangu ni bustani mbili.

Ya kwanza ni Jeevanjee Gardens, katikati ya mji, karibu na Soko la Jiji. Bwana Alibhai Mulla Jeevanjee alikuwa mfanya biashara Mhindi aliyezaliwa Karachi. Alifanya kazi nyingi za kuiletea reli watu na vyakula, akaanzisha gazeti la African Standard, na baadaye akawa Mhindi wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1906 aliwapa watu wa Nairobi bustani hiyo, pamoja na sanamu ya Malkia Victoria iliyofunuliwa na mwana wa malkia huyo, Duke wa Connaught. Siku zile Mhindi hakuruhusiwa kununua shamba katika nchi za milimani, lakini zawadi yake ilipokewa.

Ikapita miaka themanini na mitano. Mwaka 1991 wakuu wa jiji walitaka kuichukua bustani na kujenga mahali pa kuwekea magari, pamoja na maduka. Bi. Zarina Patel, mjukuu wa mzee Jeevanjee, alisimama kuipinga shauri hiyo. Alikuwa na hoja ambayo kila mtu aliweza kuielewa: bustani hii ilitolewa zawadi, aliyeitoa anajulikana, na jina lake limo langoni. Watu wengi walimwunga mkono, na shauri likaanguka. Leo makarani wanaokula mkate wao wa mchana, wahubiri, na vijana wanaotafuta kazi hukaa chini ya miti ileile. Bustani ingalikuwa na hesabu tu ya kiwanja katika majalada ya ofisi, ni nani angalijua kwamba ilikuwa zawadi? Nami nifanyaye kazi ya majalada najua jinsi karatasi iwezavyo kupotea. Jina lililoandikwa langoni halipotei upesi hivyo.

Ya pili ni Uhuru Park, iliyofunguliwa na Rais Kenyatta Mei 1969. Jina lake halikumtaja yeye, na hilo lilikuwa jambo la hekima. Mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga humo jumba la orofa sitini la shirika la gazeti la Kenya Times, pamoja na sanamu ya Rais. Profesa Wangari Maathai aliandika barua kwa wakubwa wa nchi na kwa wakubwa wa nje akiipinga. Alitukanwa Bungeni na magazetini. Lakini swali lake lilikuwa gumu kujibiwa: mnawezaje kuwanyang'anya wananchi bustani yenye jina la Uhuru? Wenye fedha wa nchi za nje walijitoa, na jumba halikujengwa.

Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa siasa walikaa katika pembe moja ya bustani hiyo wakikataa chakula, wakidai watoto wao wafunguliwe. Polisi waliwapiga na kuwatawanya. Tangu siku hizo pembe ile yaitwa Freedom Corner, na jina hilo halikutoka katika ofisi yoyote. Katika bustani hiyohiyo Katiba mpya ilitangazwa tarehe 27 Agosti 2010. Na Profesa Maathai alipofariki Septemba 2011, watu walikusanyika hapo kumwaga.

Sisemi kwamba jina peke yake laweza kuzuia tingatinga. Walioziokoa bustani hizi ni watu, tena watu waliojitia hatarini. Lakini jina liliwapa neno la kusema, na likawafahamisha wengine upesi kwamba kitu kinachochukuliwa ni chao.

MAJINA YA FEDHA NA MAJINA YA WALIO HAI

Siku hizi pana mambo mawili yanayohitaji uangalifu.

La kwanza ni kuuza majina. Mwaka 2009 kampuni ya Coca-Cola ilikubaliana na Serikali kulipa fedha ili jina lake liwekwe juu ya uwanja wa Nyayo. Kampuni ilitaka jina lake likae bila neno Nyayo. Wengine walitaka neno Nyayo libaki. Makubaliano yakavunjika baada ya miezi michache. Sina ugomvi na fedha za biashara, maana nyasi za uwanja hazikatwi kwa maneno matupu. Lakini jina la kukodisha halina mizizi. Mkataba ukiisha jina hung'oka, na watoto hawatakuwa na kitu cha kukumbuka. Heri kampuni iandikwe kwenye kibao cha shukrani mlangoni, na jina la uwanja libaki la wananchi.

La pili ni kuwapa majina walio hai. Mei 2021 katika mtaa wa Kileleshwa njia iliyoitwa Dik Dik Gardens Road ilipewa jina la Bwana Francis Atwoli, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Kibao kiling'olewa, kikarudishwa, kisha kikatiwa moto. Kuchoma kibao ni tendo la kihuni, wala halimfai raia mwema. Lakini viongozi nao wajiulize kwa nini kibao kile hakikupata marafiki wa kukilinda. Wenyeji wengi walisema hawakuulizwa.

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mtu aliye hai bado ana kazi mbele yake, na hatujui atamalizaje. Miji mingine imetambua hivyo. Mjini London vibao vya buluu vya kuwakumbuka watu mashuhuri, vinavyopachikwa kwenye nyumba walimoishi, havitolewi mpaka mtu awe amekwisha kufa miaka 20. Katika jiji la Seattle, huko Marekani, utaratibu wa kuzipa bustani majina hutaka mtu awe amekufa angalau miaka mitatu. Miaka hiyo si ya kumnyima mtu heshima yake. Ni ya kuacha machozi yakauke na makofi yanyamaze, ili kazi ya marehemu ionekane ilivyo.

NAMNA IFAAVYO

Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya kutunza bustani na mahali pa michezo, masoko, na zahanati. Katiba hiyohiyo yataka wananchi washirikishwe katika mambo yanayowahusu. Kwa hiyo hoja ya jina ikiletwa mbele ya Bunge la Kaunti na mjumbe wa wadi, wananchi wana haki ya kutoa maoni, kwa mdomo au kwa barua. Ni kosa letu wenyewe tukikaa kimya, kisha tukanung'unika kibao kikisimamishwa.

Basi ndugu msomaji, siku utakapoitwa, uliza maswali haya. Kwanza, mahali hapa pana jina tayari? Kama wazee wana jina la mto au la kilima, usilitupe upesi. Pili, kama ni jina la mtu, alifanya nini, na tendo lake lina uhusiano gani na mahali hapa? Tatu, je, mtu wa kabila lingine au wa dini nyingine aweza kulitaja bila uchungu? Nne, ni gharama gani zitakuwako? Jina likigeuzwa, hugeuzwa ramani, leseni, mihuri na barua, na kwa miaka mingi karani hulazimika kuandika, "zamani paliitwa hivi." Tano, je, patakuwa na kibao kidogo cha kueleza? Mistari mitatu yatosha: alikuwa nani, alifanya nini, mwaka gani. Muindi Mbingu angalikuwa na mistari mitatu kama hiyo katika njia yake, vijana wengi wangalimjua.

Mifano mizuri iko. Bwana John Michuki alipokuwa Waziri wa Mazingira alijitahidi kuusafisha mto wa Nairobi. Alifariki Februari 2012. Bustani iliyo kando ya mto ule, ambayo ilikuwa imegeuka kuwa jaa na karakana, ilitengenezwa upya mwaka 2020, nayo yaitwa Michuki Park. Tendo na mahali vimepatana. Tena Forest Road, inayopita karibu na City Park, ilipewa jina la Profesa Wangari Maathai, ambaye mwaka 1999 alipigwa na kuumizwa akiutetea msitu wa Karura. Jina la msitu lilimpisha mlinzi wa misitu.

Na mahali ambapo jina zima la bustani halifai kubadilishwa, sehemu yake moja yaweza kutosha. City Park haikupewa jina la mtu. Lakini amezikwa humo Pio Gama Pinto, aliyeuawa mwaka 1965, na karibu naye amezikwa rafiki yake Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966 na kufariki mwaka 1990. Pana ukumbusho wa Bwana Murumbi hapo. Anayetaka kuwakumbuka huenda kwenye kona hiyo, na wengine wote huifurahia bustani yao kwa jina lake la zamani.

Wako watakaosema kwamba njaa ni kubwa kuliko jina, na kwamba mkulima apewe mbolea kwanza. Ni kweli mbolea yahitajika. Lakini soko ambalo mkulima huyo huuza viazi vyake ni kiwanja cha watu wote, na viwanja vya watu wote vimenyakuliwa mara nyingi katika nchi hii, hasa vile ambavyo hakuna aliyejua ni vya nani. Soko lenu la kijijini lina jina gani? Lilitolewa na nani, lini, kwa ajili ya nani? Kama wazee wanaojua wangali hai, kawaulizeni mwezi huu, mkaandike katika daftari, mkalipeleke kwa mjumbe wa wadi yenu.